Nani Atasoma Maneno Yaliyobandikwa Kwenye Picha?

Kuna kauli nimeisikia mara nyingi mno siku hizi, kwenye semina, kwenye daladala, hata kwenye kikao cha harusi: "Fasihi haina ajira, zama hizi ni za AI." Anayeisema huwa amekunja nne, ana uhakika wa mtu aliyekwenda kesho akarudi. Ukimuuliza hiyo AI inajifunza kutoka wapi, anakujibu kwenye data. Data ni nini? Ni data. Basi, mjadala umekwisha, mtoto aambiwe aende PCM.

Naandika haya kuipinga kauli hiyo, na sitaipinga kwa namna tuliyoizoea humu, ya kusema fasihi hulainisha moyo na kumfanya mtu awe mtu. Labda ni kweli, lakini haimshtui yeyote. Nina jambo kavu zaidi la kusema. Moja ya aibu kubwa katika taaluma ya kuifundisha kompyuta kuona ilikuwa aibu ya kutosoma maneno. Ilikaa zaidi ya miaka kumi mbele ya macho ya wataalamu hodari wa dunia. Na mmoja wa wawili walioianika ni mwanamke wa Ethiopia aliyeanzia kwenye saikolojia na falsafa.

Anaitwa Abeba Birhane. Alitoka Ethiopia akaenda Ireland. Alisoma saikolojia na falsafa, kisha uzamili wa sayansi ya utambuzi, taaluma inayouliza akili inajuaje kile inachokijua, na ambayo inachanganya saikolojia, falsafa, isimu, elimu ya ubongo na kompyuta kwenye sufuria moja. Uzamivu aliufanya University College Dublin, wakati huo akiwa tayari amehamia upande wa kompyuta. Leo yuko Trinity College Dublin, anaongoza maabara inayokagua mifumo ya akili mnemba na kuwawajibisha wanaoitengeneza. (Ninyi wa akili unde, na ninyi wa akili bandia, tusigombane leo. Tumegombania jina kwa muda mrefu kuliko tulivyouliza kitu chenyewe kinalishwa nini.) Mwaka 2023 jarida la TIME lilimweka kwenye orodha ya watu 100 wenye ushawishi katika eneo hilo, na mwaka huohuo aliteuliwa kwenye bodi ya kumshauri Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuhusu akili mnemba.

Hayo ya orodha na bodi ndiyo magazeti yetu yanayapenda. Mwafrika wa kwanza, mwanamke wa kwanza, picha kubwa, basi. Mimi ni mwandishi wa habari, najua tunavyofanya. Ninalolitaka hapa ni kazi yenyewe.

Mwaka 2017, kabla hajajulikana kwa mambo ya picha, Birhane aliandika insha kwenye jarida la Aeon akimpinga Descartes, yule Mfaransa aliyejifungia peke yake akajithibitishia kwamba yupo kwa sababu anafikiri. Hoja ya Birhane ni kwamba hakuna nafsi inayojitengeneza ikiwa peke yake. Mtu hutokana na watu. Waswahili wanasema "mtu ni watu" na hawaoni kwamba wamesema kitu kikubwa. Silaha zake katika insha ile? Moja ni John Mbiti, Mkenya aliyefundisha Makerere. Nyingine ni Mikhail Bakhtin. Ndiyo, Bakhtin huyuhuyu wa nadharia za uhakiki, ambaye nusu yenu mlimkariri usiku wa kuamkia mtihani na mkamsahau asubuhi yake. Mwanamke ambaye baadaye angezitikisa kanzidata za picha za Marekani alikuwa anasoma nadharia ya riwaya.

Sasa twende kwenye picha.

Miaka ya 2000 watafiti wa MIT walitaka kompyuta ione. Walichukua nomino zaidi ya 53,000 kutoka WordNet, kamusi ya kompyuta iliyoanzishwa chuo kikuu cha Princeton katika miaka ya 1980 na mwanasaikolojia George Miller. Kila nomino ikatumwa kwenye injini za kutafutia za intaneti. Picha zilizorudi zikapunguzwa mpaka pikseli 32 kwa 32, vijipicha kama stempu, na kila kimoja kikabandikwa neno lililokiita. Wakapata picha milioni 80. Mashine zikafundishwa, makala zikaandikwa, vyeo vikapanda.

Tatizo ni kwamba kamusi nzuri haichagui maneno. Ina maua, ina samaki, na ina matusi yote ambayo wazungumzaji wamewahi kuwatupia wenzao: ya rangi, ya wanawake, ya walemavu. Mashine ikatuma neno la tusi kwenye intaneti kama ilivyotuma neno "kikombe", na intaneti, kwa adabu yake ya kawaida, ikarudisha nyuso za watu. Mwaka 2020 Birhane na Vinay Prabhu walichapisha uchunguzi wao. Tusi baya kuliko yote kwa mtu mweusi lilikuwemo, na picha zake. Maneno machafu kwa wanawake yalikuwemo, na picha zao. Juni mwaka huohuo MIT iliiondoa kanzidata yote mtandaoni, ikaomba watu waache kuitumia.

Soma walivyojieleza wenye kanzidata: picha ni nyingi mno, milioni 80, na ni ndogo mno, kwa hiyo kuzikagua kwa macho isingewezekana vizuri. Nami hapo ndipo nachemka. Picha ni milioni 80, sawa. Maneno je? Maneno yalikuwa 53,000 na kitu. Huo ni ukubwa wa kamusi. Mhariri mmoja wa gazeti, wa zamani, wale wa kalamu nyekundu na miwani ya kamba, angezipita nomino hizo kwa wiki chache na chai yake pembeni, akazifuta zote zisizofaa kubandikwa usoni pa mtu. Hakuhitajika kujua hesabu. Alihitajika kujua kwamba neno lina historia, na kwamba kulibandika ni kitendo. Hakuna aliyemwita, kwa sababu orodha ya maneno ilionekana ni kazi iliyokwisha. Sehemu ya watu wa lugha. Sehemu rahisi.

Msidhani ni ajali ya kanzidata moja. ImageNet, ile iliyoleta mapinduzi makubwa zaidi katika fani hii, ilijengwa juu ya WordNet ileile. Mwaka 2019 Kate Crawford na Trevor Paglen (huyu wa pili ni msanii, kumbuka, msanii) waliwaonyesha watu wa kawaida jinsi mashine iliyofunzwa kwa sehemu ya "watu" ya ImageNet ilivyokuwa inawaita. Wenye ImageNet nao walikaa wakahesabu. Makundi ya aina za watu yalikuwa 2,832. Waliyoyaona si salama: 1,593. Yaliyobaki wakayauliza swali lingine, ambalo kwangu ndilo tamu zaidi: je, jambo hili linaonekana kweli kwenye picha? Ukimtazama mtu usoni, unaona kwamba ni mdeni? Ni mfadhili? Ni binamu? Baada ya swali hilo yakabaki 158. Kati ya 2,832.

Hilo swali la pili, jamani, ni swali la mwanafunzi wa kidato cha sita kwenye karatasi ya ushairi: taswira hii inaonekana, au mshairi anatuambia tu? Na ni swali la mantiki vilevile: kutokana na dalili hii, unaruhusiwa kufikia hitimisho lile?

Niwape mfano wa kwetu ili tusidhani ni mambo ya Marekani. Kanda ya Ziwa, kwa miongo mingi, vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, na alama mojawapo iliyotajwa ni macho mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi. Bibi amepika miaka hamsini kwenye kijumba kisicho na dirisha, kwa kuni, kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Ungetaka macho yake yawe ya rangi gani? Sasa tazama hatua zake. Kuna jicho lililoona, na liliona sawa: macho ni mekundu kweli. Kuna neno lililokuwa tayari kichwani, "mchawi", limekaa humo kama kundi linalosubiri picha. Na kuna hitimisho lililorukwa kutoka kwenye jicho kwenda kwenye neno bila daraja lolote. Ukimweka daktari wa macho peke yake, atakueleza moshi, hatakueleza neno. Ukimweka mtu wa mantiki peke yake, atakuonyesha pengo kwenye hoja, basi. Kumwelewa muuaji mpaka mwisho unahitaji mantiki, elimu ya akili na elimu ya kuona, zote kwa pamoja, na kukaa na neno lenyewe muda wa kutosha ujue limetoka wapi. Mashine iliyofunzwa kwa picha zenye majina mabaya hufanya kitendo hichohicho, bila chuki, mara milioni kwa siku.

Kwa hiyo njia aliyopita Birhane si mtu kutangatanga kwa kukosa kazi, kama baba zetu wadogo wangesema. Barabara yenyewe ndivyo ilivyo. Tazama waliotangulia. Seymour Papert alizaliwa Pretoria mwaka 1928. Alianza na hesabu huko Afrika Kusini, akaenda Cambridge akafanya uzamivu mwingine uliogusa mantiki, kisha akakaa Geneva na Jean Piaget akichunguza watoto wanavyojifunza kufikiri. Ndipo akaenda MIT. Julai 1966 akaandika waraka wa mradi wa likizo: wanafunzi wachache, kiangazi kimoja, waipe kompyuta uwezo wa kuona. Kiangazi kimoja! Imepita miaka karibu sitini na kazi haijaisha. Napenda kosa hilo la Papert kuliko mafanikio ya wengi, kwa sababu lilionyesha kwamba kuona, jambo ambalo mtoto wa miezi kadhaa analimudu, ni gumu kuliko kuthibitisha kanuni za hesabu.

Au Aaron Sloman, aliyezaliwa mwaka 1936 Que Que, leo Kwekwe, Zimbabwe. Fizikia na hesabu Cape Town, halafu Oxford, ambako falsafa ilimteka akaandika tasnifu ya kumtetea Kant, akaimaliza 1962. Akiwa mwalimu wa falsafa Sussex alikutana na Max Clowes, mtafiti wa kuona kwa mashine, akajifunza programu akiwa mtu mzima, akaanza kutengeneza mfumo wa kusoma picha zilizovurugwa, na mwaka 1978 akatoa kitabu kilichowaambia wanafalsafa wenzake kwamba wasiojifunza kompyuta wataachwa. Wanafalsafa hawakufurahi. Lakini kumbuka pia upande wa pili: aliyeona umuhimu wa kuuliza kuona ni nini alikuwa mtu aliyekwisha kukaa na Kant.

Sitaki kuwafanya hawa wawili mashujaa wetu kwa nguvu. Walikuwa Wazungu katika nchi ambazo Mwafrika mwenye kichwa kama chao angeishia kuwa karani. Hilo nalo liwekwe mezani. Ninalosema ni kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyeambiwa akiwa na miaka kumi na saba: chagua herufi tatu, na hizo ndizo wewe.

Sisi tunaambiwa. Nimetoka Mungaa, wilaya ya Ikungi, mkoa wa Singida, na nilikuwa huko mwaka huu wakati wa alizeti. Binti wa dada yangu alikuwa kwenye kujaza Selform. Anapenda hesabu, anaipenda kabisa, anafanya maswali kwa raha kama wengine wanavyocheza bao. Na Kiswahili anakipenda vilevile, ana daftari la methali za bibi yake kwa Kinyaturu na tafsiri zake.

"Mamdogo, wameniambia nikiweka HKL nimejichimbia kaburi."

"Nani kakuambia?"

"Mwalimu. Na mjomba. Na watu."

"Na ukiweka PCM?"

"Wamesema lile daftari la bibi niliache nyumbani, litanipotezea muda."

Huyo mwalimu simtaji, na shule yake siitaji, kwa sababu angeweza kuwa mwalimu yeyote wa shule yoyote, na alisema kwa mapenzi. Hicho ndicho kinachouma. Hakuna mtu mbaya kwenye hadithi hii. Mwalimu anajua nani anapewa mkopo kwa urahisi. Anajua ufadhili wa Samia Scholarship unawaendea waliofaulu sana masomo ya sayansi. Anamshauri mtoto wa mkulima kwa hesabu sahihi za mwaka huu. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, zikafika 65, na niliposoma nilifurahi, kwa kuwa angalau mtu fulani wizarani alikubali kwamba herufi tatu za zamani zilikuwa kamba shingoni. Lakini orodha ni karatasi. Shule atakayopangiwa binti wa Mungaa ina walimu wa tahasusi ngapi? Ukiwa na mwalimu mmoja wa fizikia anayefundisha vidato vitatu, tahasusi 65 zinageuka kuwa mbili, kama jana.

Nimesikia watu wakijibu kwamba vyuo vyetu vinachanganya: mhandisi analazimishwa kusoma DS na stadi za mawasiliano. Tuwe wakweli. Kozi hizo zinasomwa na umati ndani ya ukumbi mmoja, mtihani wa kuchagua A, B, C, na hakuna anayekumbuka kitu. Kumpa mtu wa kompyuta muhula mmoja wa "maadili" mwishoni ni kama kumwita yule mhariri wa kalamu nyekundu gazeti likiwa limeshauzwa.

Mpaka hapa najua mnapiga makofi, kwa kuwa nimewasifia watu wa lugha. Ngoja.

Maana upande wetu nao una uongo wake, na ni wa aibu zaidi kwa kuwa tunaufanya uonekane uzuri. "Mimi na hesabu wapi na wapi." Mara ngapi mmeisoma sentensi hiyo humu, kwa fahari, kama mtu anayesema hali nyama? Mara ngapi mshairi wetu ameandika juu ya roboti asiye na moyo, bila kujua hata kwamba roboti huyo alifunzwa kwa maneno kutoka kwenye kamusi, yaani kutoka kwenye shamba letu sisi? Birhane hakuikamata kanzidata ile kwa hasira wala kwa sitiari. Aliingia ndani, akaandika programu, akahesabu, akatoa majedwali. Mwaka 2021, pamoja na Prabhu na Emmanuel Kahembwe, waliichambua LAION-400M, yenye jozi milioni 400 za picha na maneno. Baadaye utafiti mwingine aliouongoza ulilinganisha hiyo na ile ya bilioni mbili, ukakuta kadiri kanzidata ilivyopanuka, maneno ya chuki nayo yaliongezeka karibu asilimia 12. Kampuni zilikuwa zinasema tuongeze tu, wingi utasafisha wenyewe. Huwezi kuijibu hoja ya namna hiyo kwa shairi. Lazima uwe na namba.

Timnit Gebru wa Addis Ababa alifanya vivyo hivyo. Mwaka 2018 yeye na Joy Buolamwini walichukua picha za wabunge 1,270 wa nchi sita, Rwanda ikiwemo, wakazijaribia programu za kampuni kubwa za kutambua jinsia usoni. Kwa wanaume weupe kosa halikufika hata asilimia 1. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Sentensi mbili, namba mbili, na kampuni zikahangaika kurekebisha. Tungekuwa sisi tungeandika tenzi, na tenzi ingekuwa nzuri sana.

Nirudi kwa Birhane, kwani kuna kazi moja iliyonifanya nikae kitako. Mwaka 2025, pamoja na wenzake wakiongozwa na Pratyusha Ria Kalluri, walichapisha kwenye jarida la Nature uchambuzi wa nyaraka zaidi ya 40,000: makala za utafiti wa kuona kwa kompyuta na hataza zilizozitumia, miongo mitatu. Walikuta utafiti huo umetumika kwenye hataza zaidi ya 11,000 za kuchunga watu, na kwamba makala zinazoishia huko ziliongezeka zaidi ya mara tano kati ya miaka ya 1990 na ya 2010. Lakini kilichoninasa ni sehemu ya lugha. Nyaraka hizo zina tabia ya kuficha. Anayefuatiliwa mtaani, anayepimwa uso na mwendo, kwenye karatasi haitwi mtu. Anaitwa kitu. Kinatambuliwa, kinafuatwa, kinawekwa kwenye kiboksi.

Hebu jaribu kuitafsiri hiyo kwa Kiswahili uone. Kwa Kiingereza neno moja linapita kimya, sentensi inaendelea. Kwa Kiswahili, ukitaka kumwita mtu kitu, itabidi ubadilishe vipatanishi vyote mpaka nukta, na njia nzima watu watakusikia unatukana: kimekuja, kimekaa, kinavuka barabara. Sarufi yetu hata kipofu na kiziwi, wenye umbo la KI, inawarudisha kwenye ngeli ya watu: kipofu amekuja. Mfasiri wa Kiswahili akipewa hataza moja tu ya namna hiyo angekwama mstari wa kwanza, angeinua kichwa na kuuliza: samahani, huyu ni nani? Hicho kikwazo ni chombo cha utafiti. Ni kama kengele iliyofungwa mlangoni. Nani kati ya wataalamu wetu wa isimu amekwisha kukitumia? Tunaandika tasnifu juu ya ngeli tangu enzi za mkoloni, viambishi awali, upatanisho, majedwali, na hatujamwambia yeyote nje ya idara kwamba tumekalia kengele.

Wala nisiitukuze lugha kupita kiasi. "Zeruzeru" nalo lina upatanisho wa mtu, zeruzeru amekuja, na upatanisho huo haukuwakinga waliokatwa viungo. Sarufi inaamsha, haiokoi.

Hoja mbili za wapinzani, haraka. Ya kwanza: Birhane hakusoma fasihi chuoni. Kweli, na sijasema alisoma. Nimesema kwamba alisoma, kwa maana ya kusoma: alifungua orodha ya maneno akaisoma, kazi ambayo sisi tunadai ndiyo yetu. Ya pili: haya yote yametokea Dublin na Boston, si Dodoma. Kweli pia. Ila malighafi inatoka hapa. Picha za Snapshot Serengeti, milioni 3.2 za wanyama zilizopigwa na kamera zilizofungwa mitini, zilifundisha mashine zinazosifiwa kwenye majarida makubwa. Picha za majani ya muhogo zilizopigwa mashambani mwetu ziliwezesha programu ya simu ya kutambua magonjwa ya zao hilo, nayo ikapewa jina la Kiswahili, Nuru, na ni kazi nzuri, sina ugomvi nayo. Nairobi kuna vijana wanaolipwa kuchora viboksi kwenye picha na kuandika kilichomo. Kwenye kuchimba tumo. Kwenye kukaa na kuuliza maneno haya yametoka wapi, ndipo hatumo.

Na Kiswahili chenyewe kinaingia. Mwaka 2022 Google walitoa Crossmodal-3600, picha 3,600 zenye maelezo kwa lugha 36, Kiswahili kimo. Hizo ziliandikwa na watu, kwa uangalifu. Zitakazofuata hazitakuwa 3,600. Zitakuwa mamilioni, na mtu mwenye haraka ataenda kulekule wenzake walikokwenda, kwenye kamusi, achukue nomino zote, azitume, asubiri nyuso zirudi.

Kwa hiyo leo, kabla hamjaandika maoni ya kunipinga, chukueni kamusi yoyote ya Kiswahili iliyo karibu. Nendeni Z, "zeruzeru" lipo. Nendeni M, "mchawi" lipo. Sisi wa Singida tuna letu, "Mang'ati", jina ambalo Wadatoga hawakujipa, na ambalo wengine tulilitumia utotoni kutishana usiku. Andikeni pembeni ya kila moja: likitumwa mtandaoni, uso wa nani utarudi? Binti wa dada yangu ameanza orodha yake, kwenye kurasa za nyuma za lile daftari la bibi. Mpaka juzi alikuwa na maneno sitini na moja, na ameniuliza kama kuna mtu anajua kuyapanga kwa Python.

Selform aliirudisha na PCM.